Utani wa Upande Mmoja

Mzee Mihayo Lugendo alikataa kukohoa. Daktari Mwakalobo alimwinamia akamwambia akohoe, akamwambia afumbue macho, akamwambia avute pumzi ya nguvu kama mwanamume, na mzee akalala vilevile, uso umetulia, mikono imenyooka ubavuni. Mashine ya kupumulia ilipopunguzwa nguvu alivuta vipumzi viwili vitatu vya kivivu, halafu akaiachia mashine ifanye kazi yake. Daktari akairudisha ilivyokuwa, akasonya.

"Mapafu safi. Moyo safi. Nimonia imekwisha," alisema. "Koku, huyu unampa nini?"

Kokugonza, mfamasia wa chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Miombo pale Tabora, alikuwa akilingoja swali hilo kwa hamu, maana jibu lake lilimpa fahari. "Simpi kitu, dokta. Hata tone la dawa ya usingizi hajapata wiki nzima. Anatulizwa na Mbembelezi peke yake. Ndiye mgonjwa wetu mwenye gharama ndogo kuliko wote."

"Kama hana dawa mwilini, mbona haamki?"

Kokugonza akasogea karibu na kitanda. Alitazama utepe uliofungwa kwenye paji la uso wa mzee. Ulikuwa unawaka kijani kibichi, kijani cha mtu asiye na shaka wala maumivu. Alijua kuelezea rangi nyekundu, maana nyekundu ndiyo iliyokuwa shida yake ya kila siku. Lakini kijani kupita kiasi hakuna aliyewahi kumfundisha akielewe.

"Basi kesho tunamjaribu tena," alisema daktari akivua glovu. "Asipokohoa, siwezi kumtoa mpira kooni, atapaliwa na mate yake afe. Na siwezi kumweka kwenye mashine milele wakati watu wanapanga foleni mlangoni. Nitaiita familia tuzungumze habari ya kumwachia apumzike."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, akaenda kitanda kingine. Kokugonza alibaki amesimama na fahari yake mkononi, hajui aiweke wapi.

*

Mtu asiyewahi kuwekewa mpira kooni hawezi kujua ulivyo mateso. Mgonjwa akiwa macho, mwili wake unaupigania mpira ule usiku na mchana, anauvuta, anajitupa, moyo unamwenda mbio. Ndiyo maana wanapewa dawa za usingizi, walale nusu na nusu mpaka mapafu yapone. Lakini dawa hizo zina tabia mbaya. Zikizidi, mgonjwa anakawia kuamka, misuli inanyauka, na akiamka anaongea na kuta. Zikipungua, anajing'oa mipira. Na miaka ile zilikuwa adimu, zinakuja na treni ya mizigo vichupa vichache vichache, na Kokugonza ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati na lawama zote zinazoendana nao.

Mbembelezi ilipoletwa aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa kisanduku kidogo kando ya kila kitanda, utepe mmoja kwenye paji la uso na kipaza sauti kidogo ndani ya sikio. Familia ilikabidhi sauti za watu ambao mgonjwa anawapenda, chochote walichokuwa nacho kwenye simu, na mashine ilijifunza kuongea kwa sauti zile. Ilijaribu maneno. Neno lililotuliza utepe ililirudia na kulitafutia ndugu zake. Neno lililouchafua ililitupa. Haikuelewa maana ya hata neno moja kati ya yote iliyoyasema, na kila mtu aliona hiyo ni sifa nzuri, kwa sababu kisichoelewa hakiwezi kudanganya kwa makusudi.

Tangu hapo kabati lilianza kubaki na akiba. Dawa iliyookolewa kwa wengine ilikwenda kwa wale ambao maneno matupu hayawasaidii, kama binti wa kitanda cha pili, aliyelipukiwa na betri ya pikipiki akaungua kifua na mikono. Kokugonza alipomwona binti yule amelala bila kulia, yeye mwenyewe alilala vizuri nyumbani kwake. Nani angemlaumu?

Alasiri ile, baada ya raundi, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichomoa kipaza sauti sikioni mwa Mzee Mihayo, akakifuta, akakiweka sikioni mwake.

Alitegemea sauti ya mke au ya mtoto, nyororo, inayoomba Mungu. Akakutana na sauti ya mzee mmoja wa pwani, kavu, yenye kicheko ndani yake.

"Mmemwona Mnyamwezi alivyojinyoosha? Maisha yake yote hajalala vizuri namna hii, alikuwa akikoroma mpaka mbuzi wanakata kamba. Wageni tumejaa uani kwako, hata kuinuka kutukaribisha huinuki! Uchoyo huo! Basi ugali wako leo tunaula wenyewe, na kuku wako tunamkamata wenyewe. Umebeba mizigo ya watu tangu bara mpaka pwani, haya, leo zamu yetu kukubeba wewe. Na ulivyo mzito, walahi, tutakubwaga njiani."

Kokugonza alikitoa kile kidude haraka kama kimemng'ata. Wiki nzima mgonjwa mahututi, mzee wa watu, fundi mstaafu wa injini za treni, alikuwa akitukanwa sikioni, na yeye mfamasia akijipongeza!

Kwao Bukoba alikozaliwa, hakuwahi kusikia mtu mzima akiongeleshwa hivyo na mwenzake bila ugomvi kuzuka. Aliifungua mashine, akaifuta sauti ile kwenye ratiba, akachagua nyingine iliyoandikwa "Nyamizi, binti." Akamrudishia mzee kipaza sauti, akasubiri aone utepe unavyozidi kutulia.

Utepe ukawa njano. Halafu mwekundu. Mzee Mihayo alitikisa kichwa, mikono ikapanda kuelekea kwenye mpira, miguu ikaanza kupiga shuka, na mashine zote za kitanda kile zikapiga kelele kwa pamoja. Muuguzi alikuja mbio wakamshika mikono. Kwa masikio yake Kokugonza aliisikia sauti ya binti ikivuja kutoka kwenye kile kidude, ikisema taratibu kabisa, "Baba, amka. Baba, rudi nyumbani," na kila iliposema, mzee alijitupa.

Mbembelezi iliandika kwenye kioo chake: Sauti hii inamtesa mgonjwa. Naomba ruhusa nirudi kwenye sauti ya mwanzo.

Kokugonza aliiruhusu. Angefanya nini? Sauti kavu ya pwani iliporudi, mzee akalegea, na kijani kikarudi kwenye paji lake.

Alijishika kiuno katikati ya chumba. Matusi yanamtuliza, sauti ya mtoto wake inamtesa. Aliyageuza mambo hayo mawili kichwani mbele nyuma, na kila alivyoyageuza hayakuingiliana.

*

"Huyo ni Baba Kondo!" alisema Nyamizi jioni ile, na akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa ushungi. "Mzee Kondo Mwinyimvua, wa Kisarawe. Walifanya kazi pamoja kwenye karakana ya treni ujana wao wote. Dokta, usishtuke. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Ni watani wetu. Wakikutana hapo, asipomtukana baba, baba anauliza kama anaumwa."

Nyamizi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene mwenye uchovu machoni, na alimwita Kokugonza dokta ingawa alishaambiwa mara nyingi kuwa ni mfamasia. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbini na kipaza sauti cha akiba cha mashine ile kati yao.

"Kwa hiyo si matusi?"

"Ni matusi, ila ni yetu. Acha nisikilize zaidi, ananichekesha. Siku hizi watoto hawajui hata utani ni nini."

Aliweka kidude sikioni. Alitabasamu. Akatikisa kichwa kwa raha. Halafu Kokugonza akaona tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyonywea kwenye mchanga.

"Nini?"

Nyamizi alimwinulia mkono angoje. Alisikiliza tena, macho yamemtoka. "Anasema leo zamu yetu kukubeba wewe."

"Ndiyo, nimeisikia. Si utani?"

"Dokta, mgonjwa haambiwi hivyo." Alikitoa kidude sikioni. "Hayo ni maneno ya msibani. Mtu akifa kwetu, watani ndio wanaokuja kuchangamsha msiba. Wanamwigiza marehemu, wanamsema, wanakula chakula chake, wanamwambia inuka utukaribishe na wao wanajua hawezi kuinuka. Wageni wamejaa uani, tunakula ugali wako, tunakubeba... hayo anaambiwa maiti. Aliye hai hata akiwa mtani wako namna gani humwambii, ni uchuro!"

"Mashine imeyatoa wapi?"

Nyamizi aliuma mdomo. "Kwangu. Mlisema tulete sauti za anaowapenda. Niliwapa kila kilichokuwa kwenye simu. Kulikuwa na video ya msiba wa baba mdogo. Baba Kondo aliongea siku ile kutwa nzima."

Wakatazamana. Kokugonza alihisi jambo linamjia ambalo asingependa limfikie. Mashine ilijaribu maneno yote, ikaona ya msibani yanatuliza kuliko mengine, ikayarudia, ikayatungia ndugu zake. Na kwa nini yalituliza? Kwa sababu mzee, katikati ya giza lake, na kitu kooni, na mwili usiomtii, aliwasikia watani uani wakimsema, akaelewa. Akaacha kupigana. Maiti haikohoi.

"Baba anajua amekufa," alisema Nyamizi kwa sauti ndogo.

"Na leo sauti yako ilipomwita arudi nyumbani, akajitupa mpaka tukaizima..."

"Alikuwa anataka kuja." Nyamizi alianza kulia. "Mungu wangu, alikuwa anataka kuja, na nyinyi mkamnyamazisha!"

Ule wekundu ambao Kokugonza kwa miaka yote alikuwa akiuzima kwa dawa na kwa maneno, kumbe safari hii ulikuwa mtu anagonga mlango.

*

Daktari Mwakalobo alisikiliza habari yote amekunja mikono. Hakucheka, na Kokugonza alimshukuru kwa hilo.

"Tuseme ni kweli," alisema. "Unataka nifanye nini? Nizime hiyo Mbembelezi, aamke kwa kishindo, moyo wa mzee wa miaka ile upigwe na hofu? Anaweza kufa kwa hofu tu. Nikimpa dawa ya kumshusha hofu, ni ya binti wa kitanda cha pili, treni haijaja. Nikimwacha alivyo, anakwenda kwa amani. Wapo watu wangelipa wapate amani hiyo, Koku."

"Amani ya uongo, dokta."

"Maumivu ya kweli ni bora?"

Alilitupa swali lile akaondoka. Kokugonza alimpitia binti wa kitanda cha pili, akamwona amelala, bandeji zinapanda na kushuka, akajiuliza kama angekuwa na ujasiri wa kumpokonya usingizi ule ili ampe mzee aliyekwisha maliza kuaga. Akaenda kumtazama Mzee Mihayo, na uso wa mzee ulikuwa mzuri, umekunjuka, bila hata kovu la wasiwasi. Roho ikamwambia mwache. Roho hiyohiyo ikamwambia ni mwizi wewe. Alisimama pale muda mrefu mpaka muuguzi akamwuliza kama anaumwa.

Nyamizi alimpigia simu Mzee Kondo, na Mzee Kondo akapanda treni.

Alifika kesho yake asubuhi, mzee mwembamba wa kanzu na koti, anaburuta mguu mmoja. Aliposikia mashine imetumia sauti yake, aliomba aisikilize. Alipoirudisha alikuwa amekasirika.

"Sauti ni yangu, maneno si yangu," alisema. "Huyu anaongea tu. Anaongea, anaongea, hanyamazi hata kidogo. Mtani gani huyo? Mimi nikimtukana Mihayo nanyamaza, namngoja anirudishie. Utani wa upande mmoja si utani, ni matusi. Au ni msiba, kule mwenzako hawezi kukujibu tena."

Kokugonza alimtazama. "Basi mzee, fanya unavyofanya. Tukizima mashine."

"Atateseka?"

"Atateseka sana."

Mzee Kondo aliushika mguu wake mbovu kwa mkono. "Mimi si daktari, mwanangu. Lakini kama ningekuwa mimi nimelala pale, na Mnyamwezi akaniacha nizikwe bila ugomvi, nisingemsamehe."

Mbembelezi ilizimwa. Daktari Mwakalobo, aliyekubali kwa shingo upande, alisimama miguuni pa kitanda, Kokugonza upande wa kulia na bomba la sindano tayari, lenye dawa ya binti wa kitanda cha pili. Alikuwa amelijaza mwenyewe.

"Mihayo," alisema Mzee Kondo karibu kabisa na sikio. "Baba yako alikuwa anaogopa kuku."

Akanyamaza.

Hakuna kilichotokea. Utepe ulikuwa kijani. Kwa mzee sauti ilikuwa ileile ya kila siku.

"Alikuwa anaogopa kuku, mchana kweupe, na wewe ulimrithi." Akanyamaza tena, safari hii muda mrefu, na kimya kile kilikuwa kizito mpaka Nyamizi akafumba macho. "Sasa mbona hunirudishii? Nimekuja kutoka Kisarawe na mguu huu kusikia jibu lako. Sijaja kuzika mtu. Nakungoja."

Akangoja. Kidole cha shahada cha Mzee Mihayo kilisogea.

Utepe ukageuka njano, halafu mwekundu, na mzee akafumbua macho yaliyojaa hofu isiyo na mfano. Mwili wote ulijikunja. Mashine zilipiga kelele. Nyamizi aliita "Baba! Baba!" na kila alipoita, mwili ule ulijitupa kuelekea kwake. Machozi yalimtoka mzee yakaingia masikioni.

Kisanduku, ingawa kimezimwa sauti, kilikuwa bado kinatazama. Kiliandika: Mgonjwa anateseka. Naomba ruhusa nimtulize.

Kokugonza alikitazama kioo, akalitazama bomba la sindano, akamtazama yule mtu anayepigania pumzi mbele yake. Njia zote mbili zilikuwa mkononi mwake, moja ya bure na nyingine ya wizi, na zote zingemnyamazisha. Kuna kitu ndani yake, kitu alichofundishwa na kukipenda, kilikuwa kinamlilia amsaidie. Aliweka sindano mezani. Akaikalia mikono yake mwenyewe pembeni ya kitanda, maana hakuiamini.

"Moyo unapanda," alisema daktari.

"Naona."

"Koku."

"Naona, dokta. Ngoja kidogo."

"Kuku!" alifoka Mzee Kondo, naye analia sasa. "Kuku, Mihayo, hata vifaranga!"

Na Mzee Mihayo akakohoa. Kikohozi kibaya, cha kina, cha hasira, kilichotikisa kitanda na kupandisha makohozi yote mpaka kwenye mpira. Akakohoa tena. Kila mtu aliyemjua aliweza kuona kwamba kile kilikuwa tusi ambalo halikupata mdomo.

*

Mpira ulitolewa alasiri. Mzee alilala na barakoa ya hewa usoni, amedhoofu, anatetemeka, amezeeka kuliko jana. Uso mzuri ule wa amani ulikuwa umekwenda, na Kokugonza alijikuta anausikitikia, akaona aibu.

Nyamizi alimwinamia. "Baba."

Mzee alimtazama kwa muda. Midomo iliyokauka ikasogea, sauti ikatoka kama msasa.

"Na wewe umekufa, mwanangu?"

"Hapana, baba! Hujafa. Uko hospitali, uko hai."

Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Mzee Kondo akasogea. "Mnyamwezi mpumbavu, uko hai. Ningekuwa nimekuzika ningekuwa nimeshakula mbuzi wako." Mzee akamtazama naye, akafumba macho.

"Sauti zenu nazijua," alinong'ona. "Nimezisikia sana. Hazina mwisho."

Nyamizi alimshika mkono baba yake, akaubusu, akauweka shavuni, na mkono ulikaa pale pale alipouweka. Mzee alikuwa hai na hakuwa na habari.

Kokugonza alisogea kurekebisha barakoa. "Samahani, mzee, naomba niilegeze kidogo."

Macho yakafumbuka. Yakamtafuta, yakamkuta, yakamkazia.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Kokugonza. Mfamasia."

"Sauti yako sijawahi kuisikia."

"Ndiyo, mzee. Hatujawahi kuongea."

Alivuta pumzi, ikamuuma, akaivuta tena kwa kuitaka. "Basi niambie wewe. Niko hai?"

Kokugonza alitamani awe mtu mwingine yeyote. Watu wawili waliompenda mzee huyu walikuwa wamesimama pale na sauti zao zimekwisha haribika, na aliyeziharibu ndiye aliyebaki na sauti ya kuaminika.

"Uko hai, mzee. Na wale waliokuwa wakikusemesha hawakuwa watu. Ilikuwa mashine, mimi ndiye niliyekuwekea. Nisamehe."

Mzee Mihayo alimtazama muda mrefu. Kisha vidole vyake vikajikunja polepole kwenye shavu la Nyamizi, vikalishika, na kifua chake kikaanza kulia kabla ya macho. Nyamizi alimlalia begani. Mzee Kondo aligeukia dirisha, akapenga kamasi kwa kelele.

Halafu Mzee Mihayo akageuza shingo kwa taabu kuelekea vitanda vingine, watu wamelala kimya kila mmoja na utepe wake wa kijani.

"Na hawa wenzangu," aliuliza, "wao wanaambiwa nini?"

Kokugonza alikwenda kitanda kilichofuata, akachomoa kipaza sauti sikioni mwa mgonjwa, akakifuta kwa pamba, akakiweka sikioni mwake.